Paredi ya Ng'ombe wa Sajenti Ocaya

Pale Mbuya, Kampala, ukimuulizia Sajenti Ocaya, watu watakutazama kama uliyepotea njia. Muulizie Mzee Ranchi. Hapo hata mwendesha boda mwenye haraka atasimama akuonyeshe geti jeusi ambalo mzee huyo amelilinda tangu alipostaafu jeshi. Jina hilo hakujipa mwenyewe, lakini tuseme kweli, alilitafuta. Watu wakizungumzia bei ya sukari, yeye atapachika ng'ombe. Wakizungumzia mpira, atakuambia yule beki anakimbia kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Na mazungumzo yote huishia palepale: "Mimi iko hapa kwa muda tu. Ng'ombe yangu inaningoja nyumbani."

Hiyo "kwa muda tu" ilikuwa imeingia mwaka wa kumi na moja.

Ng'ombe wenyewe walikuwa watano, na walikaa Nwoya, kaskazini, kwa rafiki yake wa jeshini, Kidega. Kila mmoja alikuwa na jina la mahali ambapo sajenti aliwahi kutumikia: Singo, Karama, Bondo, Mbuya, na Afgoye wa kule Somalia. Wafugaji wengine huwaita ng'ombe kwa rangi au kwa pembe. Ocaya aliwaita kwa kambi, na ukimcheka atakuuliza wa kwako anaitwa nani.

Kila Jumapili, akishatoka kanisani na kuvaa tena sare ya ulinzi, alikaa kwenye kigoda nyuma ya geti, akampigia Kidega, na paredi ikaanza. Wote wawili ni Waacholi, na habari za wajukuu na mvua walizisema kwa Kiacholi. Paredi ilikuwa kwa Kiswahili, maana hawakuwahi kuitwa paredini kwa lugha nyingine.

"Singo!"

"Iko, afande!"

"Karama!"

"Iko, afande!"

"Bondo!"

"Iko, imezaa juzi, afande!"

Hivyo hivyo mpaka Afgoye, ambaye aliachwa mwisho kwa sababu ndiye aliyependwa. Mkewe Adyero, akichambua maharage ndani ya chumba chao cha mlinzi, alikuwa akicheka peke yake. Wanaume wawili wenye mvi, mmoja ana goti bovu, mwingine jicho moja, wanakagua ng'ombe kwa simu! Lakini Jumapili ambayo mtandao ulikataa, Ocaya hakula vizuri mpaka Jumatatu, na Adyero naye hakucheka.

Ili umwelewe mzee huyu, lazima umjue baba yake. Zizi la baba yake lilikuwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba asubuhi, wakitoka, vumbi lilikuwa likifika kwenye chai. Ocaya alikuwa mtoto wa kuchunga. Hata leo akipita mahali mtu anachoma takataka zenye kinyesi cha ng'ombe, husimama. Moshi ule ndio uliokuwa ukifukuza mbu zizini jioni, na yeye na ndugu zake walikuwa wakilala karibu yake wakisikiliza ng'ombe wakicheua. Anasema hajawahi kulala vizuri namna ile tena, si kambini, si Mogadishu, si Mbuya.

Kisha ikaja miaka ya vita na wizi wa mifugo, na katika wiki moja zizi likabaki tupu. Baba yake hakulia mbele ya watu. Alichofanya ni hiki: kila asubuhi aliamka, akaenda zizini, akaondoa magogo ya mlangoni, akasimama pembeni kama anayepisha ng'ombe watoke. Jioni alirudisha magogo. Alifanya hivyo miaka minne mpaka alipokufa. Watu walimshauri auze zile nguzo ziwe kuni, akawajibu kwamba ng'ombe wakirudi watalala wapi. Maneno "sina ng'ombe" hayakutoka kinywani mwake hata siku moja, na mwanawe naye akaapa kwamba hayatatoka kinywani mwake.

Ndiyo maana fedha za kulinda amani Somalia zilipotoka, wenzake walinunua bodaboda na viwanja, yeye akanunua mitamba. Lakini askari hana zizi. Akafanya kama walivyofanya wazee wao, akawapeleka kwa rafiki. Desturi hiyo ina sheria zake. Anayetunza hunywa maziwa, na kila ndama wa tatu ni wake. Ng'ombe wa rafiki hulindwa kuliko wako mwenyewe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji haleti maneno, huleta ngozi, mwenye mali aione kwa macho yake na aridhike kwamba ng'ombe alikufa, hakuliwa.

Kwa nini Kidega na si ndugu wa damu? Kwa sababu ya paredi moja ya zamani. Walikuwa kambini Bondo, vijana, Adyero akiwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza, na ruhusa ilikuwa imekataliwa. Ocaya alitoroka mchana. Jioni jina lake lilipoitwa, Kidega aliifanya sauti yake nzito akaitikia, "Iko, afande!" Njia ya mwongo ni fupi. Sajenti meja alihesabu vichwa, akauliza mara tatu Ocaya yuko wapi, na mara tatu Kidega akasema hajui. Alichimba choo siku saba, peke yake, kwenye udongo wa mawe. Ocaya alirudi akiwa na habari ya binti, Akwero, akamkuta rafiki yake ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana. Kidega aliuliza kama mama na mtoto ni wazima, kisha akaendelea kuchimba.

Sasa tuje mwaka huu. Kiangazi kilikuwa kikali kaskazini, na mwezi wa pili moto ukashika nyasi za Nwoya ukala siku nne. Kampala mvua ilikuja mapema, kule bondeni Bwaise watu wakabeba magodoro kichwani kukimbia mafuriko, na Ocaya akawa anawaambia wapita njia kwamba Mungu amekosea anwani. Mchana alikuwa akitazama nyasi za kando ya ukuta wa bosi wake, ndefu na mbichi, hakuna mdomo wa kuzila, na roho ikamuuma.

Ndipo redio ikatangaza mpango wa serikali wa kuwashika mkono wafugaji waliopoteza malisho: marobota ya nyasi kavu, pumba, na kiasi cha fedha kwa kila ng'ombe mpaka nyasi zitakapoota. Masharti yalikuwa matatu. Ng'ombe wawe wameandikishwa, mwenye ng'ombe atie saini mwenyewe, na kila ng'ombe apigwe picha amesimama kwenye malisho yaliyoungua. Mwisho ni Ijumaa.

Ng'ombe walikuwa wameandikishwa mwaka uliopita, na Kidega, kwa uaminifu wake, aliwaandikisha kwa jina la Ocaya. Kwa hiyo saini ilikuwa Mbuya na ng'ombe walikuwa Nwoya. Simu ya Kidega ni katochi, haina kamera. Akamwomba daktari wa mifugo apige picha na kuzituma Kampala, kwenye simu ya Vera Nanyama.

Vera ni Mkenya wa Bungoma. Ana kibanda cha fotokopi na kutuma pesa karibu na geti la Ocaya, na ulimi wake haujui kupumzika. Jumanne mchana alimwita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mzee Ranchi! Familia yako imefika! Kuja uone!"

Ocaya alikuja akichechemea na tabasamu. Tangu Krismasi ya mwaka alioumia goti, miaka minane sasa, hakuwahi kuwaona. Waendesha boda wawili wakasogea nao waone hiyo ranchi waliyoisikia miaka yote. Vera akachapa picha moja moja na kuziweka mezani, na kila moja ilitoka na jina ambalo daktari alikuwa ameliandika chini yake.

Singo. Ocaya akasogeza picha karibu na macho. Singo alikuwa na pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, na huyu alikuwa na vipembe vya kuanza. Akajiambia picha hudanganya. Karama, pia mdogo. Bondo, mbavu zikihesabika, lakini mbona hana kigongo? Akaipita ya Mbuya haraka. Ya mwisho iliandikwa Afgoye.

Afgoye alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na sikio la kushoto lilipasuliwa na mbwa alipokuwa ndama. Ocaya mwenyewe ndiye aliyelipaka dawa. Ng'ombe aliyesimama kwenye majivu ndani ya picha ile alikuwa mtamba mweusi, masikio mazima, mweusi kuanzia pua mpaka mkia.

"Ni wazuri, mzee," Vera akasema. "Wamekonda tu. Hizo marobota zikifika watanenepa."

"Wazuri," Ocaya akajibu. Akakusanya picha zake akarudi getini.

Hakusubiri Jumapili. Alipiga simu palepale, na badala ya salamu akaanza kuita.

"Afgoye!"

Akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Afgoye, nasema!"

Kidega aliachana na Kiswahili cha paredi, akajibu kwa Kiacholi, taratibu.

"Ndugu yangu, Afgoye alikufa wiki mbili baada ya moto. Hakukuwa na kitu cha kumpa. Nilikata majani ya ndizi, akayatazama tu. Wengine wanne walikwenda mwaka ule wa corona, kwa homa ya kupe, ndani ya siku sita. Dawa hazikufika, mabasi yalizuiwa, na ngozi ningekuleteaje? Nikasema nitangoja njia zifunguliwe. Njia zilipofunguliwa, miezi ilikuwa imepita na kila Jumapili nimeitikia 'iko'. Mtu akisema 'iko' mara ishirini, ya ishirini na moja atasemaje 'haiko'?"

"Na hawa kwenye picha?"

"Niliuza simsim ya shambani. Mwaka wa kwanza nikanunua mmoja, mwaka wa pili mmoja, hivyo hivyo mpaka wakatimia wanne. Huyu mweusi alikuwa wangu, nikampa jina la Afgoye ili paredi isipungue. Ni wako wote. Ng'ombe wa rafiki hawezi kufia mikononi mwangu halafu nikalala. Tia saini, afande."

Ocaya alikaa kwenye kigoda chake muda mrefu. Gari la bosi lilipiga honi mara tatu kabla hajakumbuka kwamba kazi yake ni kufungua geti. Alikuwa na hasira, na ningesema uongo nikikuambia kwamba hasira yake ilikuwa ya kudanganywa. Alikuwa amewakasirikia ng'ombe kwa kufa bila yeye. Miaka sita alikuwa akiwaita, na walioitwa walikuwa chini ya udongo. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiwacheka waliosema baba yake amerukwa na akili.

Jumatano alikwenda mjini kwenye ofisi ya mpango ule. Kwenye dirisha alikuwa binti mmoja, Shamirah, mpole, amechoka. Ocaya akampa kitambulisho, akapewa fomu yake ya kusaini, kisha akamuuliza, kana kwamba anamuulizia jirani, mtu akitaka ng'ombe walioandikishwa kwa jina lake wasomeke kwa jina la mwingine, hufanyaje?

"Anatuletea barua, jajja," Shamirah akasema, akimwita babu kwa Kiganda. "Aandike wazi kwamba yeye hana ng'ombe, na zile ni za fulani. LC, mwenyekiti wa mtaa, agonge muhuri. Tena kabla ya Ijumaa, bambi tafadhali, baada ya hapo mfumo unafunga. Lakini wewe mbona unajisumbua? Jina lako liko hapa. Saini tu, nyasi ziende."

Vera naye akaona hivyohivyo. "Mzee wangu, mwenye jina anataka, mchungaji anataka, serikali inataka. Nani amebaki kukataa? Weka saini, ng'ombe wapate kula."

Na kweli, nani angejua? Saini moja tu, naye angebaki Mzee Ranchi. Paredi ingeendelea Jumapili. Na siku goti likimwangusha kabisa, angerudi nyumbani kama mtu mwenye zizi lake. Kidega hangesema neno mpaka kaburini. Ocaya aliiweka fomu juu ya meza ya chumba chao na kalamu juu yake, akaizunguka kama kuku anayezunguka nyoka.

Adyero aliacha maharage yake. "Unaogopa nini?"

"Nikiandika barua ile, mimi ni nani hapa Mbuya? Mzee wa kufungua geti la mtu."

"Hiyo wanaijua," Adyero akasema. "Wanakuona kila siku ukilifungua." Akafuta mikono. "Ocaya, siku nilipomzaa Akwero, nani alichimba choo?"

Alichukua karatasi akaandika barua, naye si mwandishi wa haraka.

Sasa, mwenyekiti wa mtaa wao ana tabia moja: hagongi muhuri kwenye karatasi asiyoisoma kwa sauti. Anasema mtu aliwahi kumgongesha muhuri kwenye barua ya kuuza kiwanja cha shangazi yake. Alhamisi asubuhi, mbele ya kibanda cha Vera, watu wakingoja zamu zao, alivaa miwani akasoma: "Mimi, sajenti mstaafu Ocaya, nasema kwa akili yangu timamu kwamba sina ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe watano walioandikishwa kwa jina langu ni wa Kidega wa Nwoya, aliyewanunua kwa jasho lake. Walio wangu wamekufa."

Akavua miwani. "Hii ni kweli, mzee?"

"Ni kweli."

"Isome wewe mwenyewe basi, nisikie kwa mdomo wako."

Ocaya alisimama wima, kisigino kwa kisigino, goti likimuuma. "Sina ng'ombe," akasema. Sauti haikutosha, akarudia. "Mimi sina ng'ombe."

Waendesha boda walitazama chini. Hakuna aliyecheka, ingawa alikuwa amewapa sababu ya kucheka miaka kumi na moja. Mmoja wao akaipiga teke pikipiki yake ikawaka. "Panda, mzee," akasema, "nikupeleke ofisini kabla foleni haijakuwa ndefu." Njiani akakataa nauli. Ocaya alishangaa kuona kwamba mbingu haikuanguka, na kwamba bado alikuwa na njaa kama asubuhi nyingine yoyote.

Marobota yalifika Nwoya wiki ya tatu, kwa jina la Kidega. Alipiga simu kusema kwamba Singo mpya amekula mpaka akalala chini. Alikuwa na hasira kidogo pia. "Umenifanya tajiri bila ruhusa yangu," akalalamika, na Ocaya akamwambia akachimbe choo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kondakta wa basi la Gulu alimpigia simu kwamba kuna mzigo wake, na kwamba unanuka. Ocaya alikwenda kuupokea Kalerwe, pale basi linapopunguza mwendo katikati ya wauza kabichi. Ulikuwa gunia zito lililoshonwa kwa kamba ya katani. Kutoka pale mpaka Mbuya watu walimpisha, si kwa heshima bali kwa harufu.

Adyero alikata kamba, wakazitandaza uani, moja baada ya nyingine. Ngozi tano, zimekaushwa kwa chumvi, nne zikiwa ngumu kama mbao na kingo zake zimeliwa na wadudu. Kidega alikuwa amezitunza darini kwake miaka yote ile, akingoja siku ya kuzileta. Ya tano ilikuwa bado laini, nyekundu. Ngozi ya kichwa alikuwa ameiacha ikiwa nzima makusudi, ili mwenyewe aone. Baka jeupe kwenye paji. Sikio la kushoto lililopasuka.

Ocaya alipiga magoti karibu yake, goti bovu na lote, akalishika lile sikio. Alilia, na hakutoka uani kujificha. Adyero alimletea maji ya kunywa akakaa naye.

Kesho yake Jumapili, baada ya kanisa, alikaa kwenye kigoda na simu mkononi, asijue atamwita nani. Simu ikalia yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza Kidega kupiga siku ya paredi.

"Mzigo umefika, afande?"

"Umefika. Lakini usiniite afande. Leo mwenye ng'ombe ni wewe."

Kidega alikohoa, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la sare. Kisha akapaza sauti.

"Singo!"

Ocaya alizitazama ngozi zilizoanikwa kwenye ukuta wa bosi, juu ya zile nyasi ambazo hazikuwa na wa kuzila. Akaelewa kwamba wanaoitwa ni hawa wa ukutani.

"Iko, afande."

"Karama!"

"Iko, afande."

"Bondo! Mbuya!"

"Iko. Iko, afande."

Ng'ambo ya simu Kidega aliliita jina la mwisho kwa sauti ya chini.

"Afgoye."

Ocaya alinyoosha mkono akaigusa ngozi nyekundu, ambayo jua lilikuwa limeipasha moto.

"Iko, afande," akasema. "Imefika nyumbani kwangu jana."